Sindano ya steroidi mgongoni kwa maumivu ya neva: njia tatu, dawa za aina mbili, na nani anafaa kuchomwa

Maumivu yanayoanzia kiunoni, yakapita kwenye kalio na kushuka nyuma ya paja mpaka shavu la mguu na vidole, humchosha mtu vibaya sana. Hawezi kukaa, hawezi kuinama kufunga kamba za viatu, na usiku anahesabu saa. Wengi huyaita sayatika. Akifika kwa daktari akaambiwa atachomwa sindano ya steroidi mgongoni, nyumbani atapokea ushauri wa aina mbili. Mmoja atamwambia, "Usikubali, utapooza." Mwingine atamwambia, "Mimi nilichomwa, na siku ileile nikatembea."

Wote wawili huenda wanasema kweli, maana hawazungumzii sindano moja. Jina ni moja, lakini ndani yake kuna njia tatu za kupitisha sindano, makundi mawili ya dawa, na wagonjwa wenye hali zisizofanana hata kidogo. Ndiyo maana huwa nasikitika mtu akiuliza "je, ni salama?" akajibiwa kwa neno moja.

Kwanza tusiichanganye na ile sindano ya ganzi ya kufanyiwa upasuaji. Ile hupenya utando unaoufunika uti wa mgongo na kuingia kwenye maji yanayozizunguka neva, ili sehemu ya chini ya mwili ife ganzi. Hii ya steroidi huishia nje ya utando huo, kwenye nafasi nyembamba yenye mafuta na vena ndogondogo iitwayo nafasi ya epidurali. Kazi yake ni kutuliza uvimbe na mchokoo kwenye neva iliyobanwa. Hairudishi diski, ule mto laini ulio kati ya pingili, mahali pake, wala haipanui mfereji wa uti wa mgongo uliosongwa. Hilo ni la kulishika tangu mwanzo, kwa sababu watu wengi hulala kwenye kitanda cha sindano wakiamini kwamba wanatengenezwa mgongo.

Katikati, pembeni, au chini kabisa

Njia ya katikati hupita kati ya pingili mbili, nyuma ya mgongo. Daktari huisogeza sindano taratibu huku kidole gumba kikisukuma bomba. Bomba linakataa, linakataa, kisha ghafla ukinzani unaisha na bomba linateleza lenyewe. Hapo anajua amefika kwenye nafasi ya epidurali. Akizidisha milimita chache tu anatoboa utando, na maji ya uti wa mgongo yanaanza kuvuja. Matokeo yake ni kichwa kuuma kwa namna ya pekee: ukisimama au ukikaa kinapasuka, ukilala kinatulia. Mara nyingi huisha chenyewe ndani ya siku chache, na kisipoisha kuna tiba ya kuziba tundu kwa damu ya mgonjwa mwenyewe. Ni usumbufu mkubwa, lakini mara chache sana huacha madhara ya kudumu.

Njia ya pembeni hulenga lile tundu ambalo neva hutokea baina ya pingili. Uzuri wake ni kwamba dawa hufika jirani kabisa na neva inayouma, upande uleule unaouma, kwa kiasi kidogo cha dawa. Kwa mtu mwenye diski moja iliyochomoza na kubana neva moja, wataalamu wengi huichagua hii. Lakini ndani ya tundu hilo neva haiko peke yake. Inafuatana na mishipa midogo ya ateri, na mmojawapo katika mwili wa kila mtu ni mkubwa kuliko wenzake: ateri ya Adamkiewicz, ambayo hulisha sehemu ya chini ya ugwe wa mgongo, ile kamba kuu ya neva inayopita ndani ya pingili. Kwa watu wengi huingilia upande wa kushoto, juu kidogo ya kiuno, ingawa kwa wachache huwa chini zaidi. Dawa isiyofaa ikiingia humo, damu hukatika kwenye ugwe na miguu hupooza. Hiki ndicho chanzo cha ile hofu ya "utapooza". Ni tukio la nadra mno, lakini si uvumi.

Njia ya tatu ni ya chini kabisa, kupitia uwazi mdogo juu ya kifandugu. Ndiyo kongwe kuliko zote. Mwaka 1901 huko Ufaransa, Jean-Athanase Sicard na Fernand Cathelin waliitumia kuingiza dawa ya ganzi, miaka mingi kabla ya steroidi kujulikana. Ule mfuko wa utando huwa umeishia juu ya hapo, kwa hiyo uwezekano wa kuutoboa ni mdogo. Humfaa hasa mtu aliyekwisha kufanyiwa upasuaji wa kiuno, mwenye makovu au vyuma vinavyoziba njia ya katikati. Udhaifu wake ni umbali. Dawa inabidi iwe nyingi ili ipande hadi kwenye neva yenye shida, na njiani hutawanyika.

Ningeambiwa nipange hizi tatu kwa hatari peke yake, kuanzia ndogo, ningeiweka ya chini kwanza, kisha ya katikati, kisha ya pembeni. Kwa kulenga shabaha, mpangilio unageuka karibu wote. Na pengo la hatari baina yake hupungua sana kulingana na mambo mawili ambayo mgonjwa kwa kawaida hayaulizi: dawa gani imo kwenye bomba, na kama daktari anaona anakokwenda.

Dawa yenye chembe na dawa angavu

Chukua chupa ya steroidi iitwayo methilpredinisoloni au triamsinoloni, iache itulie, kisha itazame kwenye mwanga. Chini kuna mashapo meupe, juu maji. Ukiitikisa inakuwa kama maziwa. Hizo ni chembe za dawa ambazo haziyeyuki kwenye maji, nazo hukaa muda mrefu mahali zilipowekwa. Sasa chukua deksamethasoni, steroidi nyingine. Hiyo ni angavu kama maji ya kunywa, maana dawa yote imeyeyuka.

Tofauti hiyo ya macho ndiyo tofauti ya usalama. Chembe hizo zinaweza kushikana zikawa mafungu makubwa kuliko seli nyekundu za damu. Zikiingia kwenye ateri ndogo zinaiziba kama taka zinavyoziba mfereji. Deksamethasoni haina chembe za kuziba chochote. Visa vya kupooza baada ya sindano ya pembeni vilivyoandikwa na madaktari karibu vyote vilihusu dawa zenye chembe.

Je, dawa angavu inapoteza nguvu? Hoja ya zamani ilikuwa kwamba inasombwa haraka, hivyo haisaidii muda mrefu. Jaribio la mwaka 2014 lililolinganisha deksamethasoni na triamsinoloni kwa wagonjwa 78 wenye diski iliyochomoza, kwa njia ya pembeni, halikukuta tofauti ya maana katika nafuu mpaka miezi sita. Kilichoonekana ni kwamba waliopewa deksamethasoni walihitaji sindano ya tatu mara nyingi zaidi. Kwangu mimi, kurudi mara moja zaidi ni gharama ndogo ukilinganisha na ugwe wa mgongo kukosa damu. Jopo la vyama vya kitaalamu lililoandaa mapendekezo kwa msaada wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA), yakachapishwa mwaka 2015, nalo lilielekea huko: kwa njia ya pembeni kiunoni, anza na deksamethasoni. Shingoni walikuwa wakali zaidi, wakasema dawa zenye chembe zisitumike kabisa kwa njia ya pembeni.

FDA yenyewe ilikuwa imetoa onyo Aprili 2014: sindano za steroidi kwenye nafasi ya epidurali zinaweza, kwa nadra, kusababisha upofu, kiharusi, kupooza au kifo. Onyo hilo lilikumbusha pia jambo ambalo wagonjwa wengi hushangaa kulisikia, kwamba FDA haijawahi kuidhinisha steroidi yoyote kwa matumizi hayo. Haimaanishi kwamba daktari anavunja sheria. Madaktari wanaruhusiwa kutumia dawa iliyoidhinishwa kwa ugonjwa mmoja kutibu mwingine. Lakini mgonjwa ana haki ya kulijua hilo kabla ya kuweka sahihi.

Daktari anaona, au anakisia?

Hapa sina ulinganisho mrefu, kwa sababu upande mmoja umeshinda. Sindano ichomwe chini ya mashine ya eksirei inayoonyesha picha hapohapo, na kabla ya steroidi itangulie dawa ya rangi. Kwenye kioo utaona rangi ikitambaa kando ya neva, ikichora umbo lake kama mzizi. Ikiwa rangi inatokea kisha inatoweka papo hapo, imeingia kwenye mshipa wa damu, na daktari anasimamisha kila kitu. Asiye na picha hana namna ya kulijua hilo. Kuvuta bomba ili kuona kama damu inarudi hakutoshi, maana mara nyingi hairudi hata kama ncha iko ndani ya mshipa.

Njia ya chini kabisa ndiyo inayochomwa sana kwa kupapasa tu, na sindano hukosa nafasi mara nyingi kuliko wachomaji wanavyodhani. Ukiambiwa "mimi nina uzoefu, sihitaji mashine", hasa kwa njia ya pembeni, inuka uondoke. Jambo jingine ni kulazwa usingizi mzito. Mgonjwa aliye macho atapiga kelele sindano ikigusa neva, na kelele hiyo ni kinga. Dawa kidogo ya kuondoa wasiwasi si tatizo.

Hatari unailinganisha na faida gani?

Hatari ndogo inakubalika pale inapolipa. Kwa hiyo inabidi tuseme wazi malipo yenyewe ni kiasi gani.

Kwa sayatika ya diski, uchambuzi wa mwaka 2020 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ulikusanya majaribio 25 yenye wagonjwa 2,470. Steroidi ilipunguza maumivu ya mguu kuliko sindano isiyo na dawa kwa takriban pointi 5 katika kipimo cha 0 hadi 100, na ni kwa muda mfupi tu. Huo ni wastani, na wastani huficha watu. Wapo waliopata nafuu kubwa na wapo ambao hawakupata kitu. Lakini asiyeambiwa namba hiyo anaingia akitegemea muujiza.

Kwa wazee ambao mfereji wao wa uti wa mgongo umekuwa mwembamba, wale wanaotembea kidogo miguu ikalegea, wakakaa au kuinama wakapata nafuu, hali ni dhaifu zaidi. Jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2014 lenye wagonjwa 400 lililinganisha steroidi pamoja na ganzi dhidi ya ganzi peke yake. Baada ya wiki sita hapakuwa na tofauti ya maana. Mwongozo wa mwaka 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unasema sindano hii ifikiriwe kwa sayatika kali ya muda mfupi, na unakataza kuitumia kwa wagonjwa hao wa mfereji mwembamba. Mwaka 2025 jopo la jarida la tiba la BMJ lilikwenda mbali zaidi, likapendekeza kwa mkazo kwamba sindano hizi zisitumike kwa maumivu ya neva ya mgongo yaliyodumu miezi mitatu au zaidi. Baadhi ya madaktari wa maumivu wanalipinga pendekezo hilo, wakisema limechanganya wagonjwa wasiofanana.

Ukiviweka pamoja, inayobaki na sababu ya kutosha ni moja: diski imechomoza, picha ya MRI inakubaliana na mguu unaouma, maumivu ni makali, hayajapita miezi mingi, na mtu anahitaji nafasi ya kupumua, alale, aanze mazoezi. Kadiri unavyotoka kwenye picha hiyo, mizani inainama upande wa kuacha. Maumivu ya kiuno yasiyoshuka mguuni, kwa mfano, sindano hii haiyahusu kabisa.

Ukiikataa, unachagua nini badala yake?

Kusubiri kuna sifa mbaya isiyostahili. Kipande cha diski kilichochomoza mara nyingi husinyaa chenyewe, kwa sababu kinga ya mwili hukishambulia na kukila, na vipande vikubwa vilivyokatika kabisa ndivyo husinyaa zaidi. Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa kuendelea kutembea, mazoezi ya fiziotherapia na dawa za kutuliza.

Vidonge navyo vipimwe kwa haki. Steroidi ya kumeza ilijaribiwa kwa wagonjwa 269 wa sayatika mwaka 2015. Iliwasaidia kidogo kufanya shughuli zao, lakini maumivu hayakupungua kuliko kwa waliopewa vidonge vitupu. Pregabalini, dawa ya maumivu ya neva ambayo huandikwa kwa wingi sana, ilijaribiwa kwa wagonjwa 209 mwaka 2017 na haikushinda kidonge kitupu, ila iliwaletea wengi kizunguzungu. Kwa hiyo asiyetaka sindano asidhani kwamba kidonge ndicho chaguo lisilo na madhara.

Upasuaji wa kutoa kipande cha diski huleta nafuu ya haraka. Katika jaribio la Uholanzi la mwaka 2007 lenye wagonjwa 283, waliopasuliwa mapema walipona upesi, lakini mwaka ulipotimia makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa, ingawa takriban wanne katika kila kumi waliosubiri walikuwa wameishia kupasuliwa. Na kuna ulinganisho mmoja unaogusa swali letu moja kwa moja: jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2021, wagonjwa 163, nusu wakichomwa sindano ya pembeni na nusu wakipasuliwa. Baada ya wiki 18 tofauti ya nafuu haikuwa ya kutosha kusema upasuaji umeshinda. Madhara makubwa yalikuwa manne, yote upande wa upasuaji. Mtu aliye mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na hana dalili za dharura, ana sababu nzuri ya kujaribu sindano kwanza.

Dalili za dharura ni nyingine kabisa. Ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila taarifa, au unyayo unaozidi kulegea: hizo zinataka hospitali siku hiyohiyo, na hakuna sindano ya steroidi itakayozitibu.

Mwili wako unabadilisha hesabu

Shangazi yangu ana kisukari. Alichomwa kwa njia ya pembeni, dawa angavu, picha ya eksirei, kila kitu kwa utaratibu. Kesho yake asubuhi akanipigia simu. "Mwanangu, hii mashine ya sukari imekufa. Inasoma 17." Nikamwomba anawe mikono apime tena. Ikasoma 16.8. Mashine ilikuwa nzima. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa, mara nyingine karibu wiki, hata ikichomwa mgongoni. Daktari wake wa kisukari alimwongezea dozi kwa muda, na siku ya sita alirudi kwenye namba zake za kawaida. Maumivu ya mguu yalipungua pia, na anasema angekubali tena. Kinachoniuma ni kwamba sentensi moja kabla ya sindano ingemwepusha na hofu ile yote.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda ndiye ninayemhofia kuliko wengine. Warfarini, klopidogreli, rivaroxabani na nyinginezo zinaweza kufanya damu ikusanyike kwenye nafasi ya epidurali na kukandamiza neva. Lakini kuziacha kiholela ni hatari nyingine, hasa kwa mwenye kipande cha chuma kwenye mshipa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi. Siku za kuacha na za kurudia zipangwe na daktari wa moyo akishirikiana na wa sindano, na zitofautiane kwa kila dawa. Mwenye homa, jipu au maambukizi popote mwilini asubiri apone. Mjamzito aseme mapema, kwa sababu ya eksirei. Mwenye mzio wa dawa ya rangi naye aseme.

Kuna pia kurudia-rudia. Kupangiwa sindano tatu tangu siku ya kwanza, kama kozi ya vidonge, hakuna msingi. Ya kwanza isipokusaidia, ya pili kwa njia ileile haina ahadi kubwa, na ikikusaidia mpaka ukapona, ya pili ya nini? Steroidi nyingi kwa mwaka hulegeza mifupa, na hata sindano moja inaweza kuzifanya tezi za adrenali, zilizo juu ya figo na zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, zipunguze kazi yake kwa wiki kadhaa. Kama goti au bega lako nalo linachomwa steroidi kwingine, mjulishe daktari, maana mwili unajumlisha zote.

Jambo lisilotegemea mikono ya daktari

Mwaka 2012 huko Marekani, methilpredinisoloni iliyotengenezwa na kampuni ya New England Compounding Center ya Framingham, Massachusetts, ilitoka ikiwa na fangasi ndani ya chupa. Watu wapatao 14,000 walikuwa wamechomwa dawa kutoka mafungu hayo, yaani chupa zilizotengenezwa pamoja. Wagonjwa 753 katika majimbo 20 waliugua, wengi wao homa ya uti wa mgongo, na 64 walifariki. Madaktari waliowachoma hawakukosea njia wala mbinu. Dawa ndiyo iliyokuwa mbovu, na dalili kwa baadhi yao zilichukua wiki nyingi kujitokeza.

Kwa hiyo ukichomwa, usiondoke na risiti tu. Omba uandikiwe jina la dawa, kipimo, namba ya fungu iliyo kwenye chupa, njia iliyotumika, pingili gani na upande gani. Kisha uangalie homa, shingo kukakamaa, maumivu mapya ya mgongo yanayozidi badala ya kupungua, au miguu kupoteza nguvu, na uyatazamie kwa wiki kadhaa, si siku mbili. Shangazi ameibandika karatasi yake ndani ya jalada la daftari lake la sukari, na kila anapokwenda kwa daktari mpya hulifungua hapo kwanza.